Mwalimu Aliyesahau Kisukuma

Tumemzika Mwalimu Sostenes wiki iliyopita, na kama kuna mtu aliyelia machozi ya kweli pale, ni mjane wake, Mama Eliza, ambaye kwa ajili yake nilipanda basi kutoka Geita na magoti yangu haya mabovu. Wengine walilia kwa zamu. Turubai tatu, vipaza sauti viwili, fulana zenye sura ya marehemu akiwa kijana, kana kwamba alikufa kabla hajapata kitambi. Akasimama mpwa wake kusoma wasifu. Nikasikia marehemu alikuwa mlezi wa vijana, taa ya Usukuma, mtu wa ushauri. Halafu nikasikia jina langu. "Tunaye hapa Bibi Zena, mwenye hoteli kule Geita. Marehemu ndiye aliyemfungua macho akiwa binti mdogo chuoni. Tunamwomba mama yetu aseme neno." Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akanisukuma ubavuni: "Inuka basi, Bibi, unaitwa." Nikajifunga khanga vizuri, nikabaki nimekaa. Kipaza sauti kikaletwa mpaka puani kwangu, nikakitazama kama mtu anavyotazama uji ulioungua, mpaka kikarudi kilikotoka. Nyuma yangu nikasikia, "Kibibi kina kiburi hiki!" Ninacho, tena cha kutosha wajukuu wote. Alinifungua macho! Macho yangu nilizaliwa nayo. Kama wanataka neno, neno ni hili hapa, nalieleza kwa nafasi yangu, pasipo na turubai.

Wazazi wangu nawaacha walipo, hii si habari yao. Ilikuwa miaka ile ya sabini, walimu wanatafutwa kama mvua, kila kijiji kinajengewa shule na hakuna wa kusimama mbele ya watoto. Ndipo wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, wakatuambia mwaka mmoja chuoni na mazoezi, mtatoka walimu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, binti wa Kiswahili wa mjini Shinyanga, nimekulia barazani kwa wauza nguo, Kisukuma changu ni cha sokoni: kuuliza bei, kusalimia na kutukana. Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji. Nilitaka ualimu kuliko nilivyotaka mume, na hilo kwa msichana wa mtaani kwetu lilikuwa jambo la kuulizwa kama ni mzima. Lakini nilikuwa dhaifu, sifichi. Hesabu zilinikimbia. Somo la saikolojia nilikuwa naliota kama jini. Na nikiandika ubaoni, mstari wangu ulianzia juu kushoto ukaishia chini kulia, unateremka kama ng'ombe wanaokwenda lamboni kunywa maji, wenzangu wanacheka hadi wanashika matumbo.

Sisi dhaifu tulikuwa sita, na mlezi wetu alikuwa Mwalimu Sostenes. Alikuwa na mtindo wake wa kutusoma majina mstarini asubuhi kwa mafungu mawili, kama pamba inavyochambuliwa kabla ya kupelekwa kwa mnunuzi. Ile nyeupe huitwa safi, ile yenye madoa huitwa fifi. Basi alisimama na suruali yake iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akasema, "Safi, kulia. Fifi, njooni kwangu Jumamosi kwa ushauri." Tukaenda. Nataka muijue sebule ile, maana ndiyo iliyokuwa chuo changu hasa. Makochi manne yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyosimama saa tisa na robo tangu sijui lini, kabati la kioo lenye vikombe ambavyo sikuona mgeni akivinywea. Makochi hayakuwa ya kukaliwa na fifi. Sisi tulitandikiwa gunia sakafuni, katikati likawekwa debe la karanga zenye maganda, na ushauri ukaanza. Yeye anashauri, sisi tunamenya. "Mwalimu ni taa," anasema. Kra, kra, maganda. "Mwalimu havunjwi moyo." Kra, kra. Debe likiisha, ushauri nao umeisha, kwa kawaida katikati ya sentensi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kupandishwa kutoka fifi kwenda safi, na mpaka msimu wa karanga ulipokwisha sikuwahi kujiuliza kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Kitu alichokipenda kuliko karanga ni kutuambia kwamba Kisukuma amekisahau. Kwao ni upande wa Kishapu, alizaliwa zizini kama wenzake wote wa huko, alichunga mpaka miguu ikapasuka. Lakini akija mwanamke na kibuyu cha maziwa mlangoni, akapiga goti, akasema, "Mwangaluka," kumwamkia kwa heshima zote, Mwalimu anajibu, "Habari za asubuhi, mama," na uso kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi. Halafu anatugeukia: "Nimekisahau kabisa. Elimu ikijaa kichwani, vingine vinamwagika." Tulicheka kwa adabu. Mama Eliza, mkewe, alikuwa jikoni anasonga ugali, na ugali wake ulisongwa kwa nguvu zaidi kila alipoyasikia maneno hayo. Yeye ndiye aliyetupa chakula cha kweli cha Jumamosi, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga zilizopondwa, zile zile zetu. "Kuleni, wanangu," anasema, "ushauri haushibishi." Anasema chinichini, lakini anasema.

Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule mpya ya kijiji kimoja huko Kishapu, darasa la pili, hesabu. Hesabu, mimi! Nikalia usiku kucha, asubuhi nikaenda kwa mlezi wangu. Hapo debe lilikuwa tupu, kwa hiyo alinisikiliza vizuri. Akaegemea kochi, akavuka mguu. "Zena, nitakuokoa," akasema. "Hesabu zako mbovu na mwandiko wako unaanguka. Sasa mkaguzi wa mkoa anapenda kitu kimoja, mazingira. Unakwenda Kishapu. Huko kuna nini?" Nikasema jua. "Ng'ombe, binti, ng'ombe! Mwulize kila mtoto, kwenu mna ng'ombe wangapi? Kama hajui, akahesabu jioni wakirudi. Andika majina ubaoni, andika idadi, wajumlishe. Andika yote kwenye daftari la maandalio. Mkaguzi akiliona daftari hilo umepita." Mama Eliza akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi unadondoka uji. "Baba Eliza," akasema, "lakini hao ng'ombe..." Mumewe akanyanyua kiganja bila hata kumtazama. "Mama Eliza, tuko kwenye ushauri." Akarudi jikoni. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakunivuta pembeni akaniambia. Akasema, "Nilidhani anajua anachofanya. Yeye msomi, tena mtu wa kwetu. Mimi nimeishia la nne." Ndivyo wasomi wanavyotawala nyumba, hata wakiwa wapumbavu.

Kijijini nilikaa kwa mjane mmoja, Mama Limi, nyumba ya udongo, chumba kimoja tunalala mimi, yeye, binti yake Limi na ndama wawili, maboga yamepangwa ukutani kama vichwa vya wageni. Chakula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na jioni maziwa ya mgando. Nilikula kama askari. Watu wale walikuwa wamehamishwa juzi tu kuja kukaa pamoja kwenye vijiji vipya, mizizi haijashika, na mtu yeyote aliyefika na karatasi na kalamu walimtazama mikono kabla ya uso. Mimi hayo sikuyaona. Niliona watoto hamsini na kitu wamekaa juu ya matofali, macho yote kwangu. Wiki za kwanza nilifundisha kwa kokoto, tukaenda salama. Mkaguzi aliposemekana anakuja Alhamisi, Jumatatu nikautoa ule ushauri wa dhahabu. "Kulwa, kwenu mna ng'ombe wangapi?" Mtoto akatazama dari. "Holo?" Holo akatazama miguu yake. Nikadhani ni ujinga. Nikasema, kwa sauti ya Mwalimu Sostenes kabisa, "Leo jioni kila mmoja akahesabu. Kesho mniletee." Wachache wakanitajia idadi palepale kwa woga, nikaandika ubaoni, nikaandika na daftarini, nikapigia mstari kwa wino mwekundu, nikajiona mwalimu.

Jumanne darasani waliingia watoto watatu: wa mganga wa zahanati, wa mwenye duka, na Limi, kwa sababu mama yake aliona haya kunifungia mlango na bado ninakula kwake. Matofali mengine yote yakakaa matupu. Limi akaniambia, mtoto yule, huku akijikuna shingo, "Mwalimu, baba yake Kulwa kamkuta zizini na vijiti, anahesabu. Kampiga. Kasema mwalimu analeta kifo cha ng'ombe." Nikamkimbilia Mama Limi. Yeye Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini siku ile kilitosha. "Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi," akasema. "Ukihesabu, wanaisha. Na ukiandika, serikali inakuja kumalizia. Nani kakufundisha hivyo?" Nikamtaja. Akauliza kwao wapi. Nikamwambia. Akacheka kicheko kibaya, akaendelea kupukuchua mtama wake. Nikabaki na siku mbili. Alhamisi mkaguzi akikuta watoto watatu, cheti sina, na bila cheti narudi barazani kwa wauza nguo, kumsubiri mwanamume yeyote atakayetumwa.

Jioni nikaenda kwa baba yake Kulwa, Mzee Masanja, Mama Limi akinitangulia. Alikuwa mlangoni pa zizi anasokota kamba ya ngozi, pembeni moshi wa samadi unafukuza nzi. Nikapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumalizia?"

"Kumalizia nini, baba?"

"Kuhesabu. Kulwa hakufika mbali, nilimwahi."

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

"Meno yako mangapi?"

Nikadhani sikusikia. "Sijui, baba. Sijawahi kuyahesabu."

"Umeyabeba kinywani tangu utoto hujui idadi. Yanatafuna?"

"Yanatafuna."

"Na ng'ombe wangu wanakunywa maji." Akavuta kamba kwa meno yake mwenyewe. "Nani kakutuma?"

"Mwalimu wangu wa chuoni. Ni mtu wa huku huku."

"Wa huku? Basi hakukutuma kufundisha, kakutuma ukafukuzwe." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi uliyoandika."

Nikasema nitachana ukurasa. Akatikisa kichwa, daftari lote, maana ubaya ukishaandikwa haukai ukurasa mmoja. Daftari lote! Humo mlikuwa na maandalio yangu ya wiki nne, malengo, vielelezo, kila sentensi nimeitolea jasho, na Mwalimu alikuwa amesema bila daftari hakuna kupita. Nikamtazama Mama Limi. Yeye akatazama ng'ombe. Mimi leo ni mtu wa kununua ng'ombe kumi mnadani bila kuuliza mtu, lakini sijawahi kufanya biashara ngumu kama ile. Nikampa. Akalitia kwenye moto wa samadi, likagoma kuwaka, likafuka moshi kwanza kama linanilaumu, kisha wino wangu mwekundu ukawaka. Mzee akanyanyuka. "Kesho watakuja," akasema. "Wafundishe kokoto."

Wakaja, Jumatano wakaja wote, na Alhamisi mkaguzi aliposhuka kwenye gari na Mwalimu Sostenes nyuma yake, matofali hayakutosha. Na wazazi nao walikuwa wamesimama nje madirishani, Mzee Masanja mbele, wamekuja kuhakikisha. Nikafundisha. Mwandiko ukateremka kama kawaida, na Holo akasema kwa sauti, "Mwalimu, namba zinakwenda kunywa maji," darasa likacheka, nami nikacheka, nikawaambia basi tuzirudishe, na tukazijumlisha zikirudi, kumi kumi, kokoto mikononi, vidole vinapanda kama mtama. Sijui nilivyofanya. Najua tu kwamba kwa dakika arobaini sikuogopa kitu chochote duniani, na watoto walijua kitu walipotoka ambacho hawakukijua walipoingia. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kukubali mara mbili, nilimwona. Kisha akasema, "Vizuri, binti. Daftari la maandalio?"

"Limechomwa moto, mzee."

"Na nani?"

Nikaeleza yote kama yalivyo, pamoja na nani aliyenishauri, maana nilifundishwa kusema kweli na sikuwa nimejifunza bado kwamba kweli ina watu wake. Mkaguzi akamgeukia Mwalimu Sostenes. Na hapo nikaona muujiza. Mwalimu akacheka, akatoka nje kwa wazazi, akafungua mdomo, na Kisukuma kikamwagika. Kisukuma kizito cha ndani, chenye methali na majina ya koo, kinateleza kama maziwa. Yule aliyesahau! Akapiga makofi ya heshima mbele ya Mzee Masanja, akaamkia kwa jina la ukoo. Maneno machache niliyashika: huyu mtoto wa mjini, mtoto wa watu wa pwani, hajui adabu, mimi mtu wa kwenu ningewezaje kumwambia mtu ahesabu ng'ombe? Wazazi wakacheka. Mzee Masanja, aliyelichoma daftari langu kwa mkono wake, akacheka naye, akampa mkono. Ndivyo watu walivyo: mtu akiwaamkia vizuri kwa lugha yao wanamsamehe hata asilolikiri. Mwalimu akarudi ndani, sasa kwa Kiswahili, kwa upole wa mbele ya wakubwa: "Binti yangu Zena, pokea ushauri wa mlezi wako. Kuna watu wa chaki na watu wa mwiko. Wewe ni wa mwiko. Kule Geita wachimbaji wana njaa. Nenda ukapike, utanishukuru." Mkaguzi akaandika. Aliandika kwa muda mfupi sana.

Chuoni nilikaa siku mbili tu kusubiri karatasi ya kuondolewa. Siku ya pili nilikwenda kumuaga Mama Eliza, nikapita uani, nikasikia ndani. "Yule mtoto kakosa nini, Sostenes?" Ni mara ya kwanza nasikia anamwita jina. "Nyamaza. Mkaguzi angeniandika mimi." "Si ni wewe uliyemwambia?" "Nimesema nyamaza." Nikasikia sufuria ikitupwa sakafuni. Nilipoingia, Mama Eliza alinikumbatia, mikono inanuka kitunguu, na mimi sikumuaibisha kwa kumwambia nimesikia. Jumatatu nikapanda lori la kwenda machimboni.

Nilipika. Hilo halihitaji wasifu. Nilianza na mafiga matatu na sufuria mbili chini ya turubai la viroba, wanaume wanatoka mashimoni weupe kwa vumbi kama wafu, wanakula mpaka nawaonea huruma, wengine wanachimba Bulyanhulu wananijia siku za mapumziko kwa ajili ya maharage yangu tu. Leo nina nyumba, nina hoteli ya ghorofa, wajukuu wanne wamesoma mpaka wamechoka, na mmoja ni mwalimu. Watu wanaliona hilo wanasema, basi mzee alikuwa na maono. Wasiojua kufikiri hupenda sana maneno hayo. Mtu akikusukuma shimoni ukaokota dhahabu, dhahabu ni ya kwako na msukumo ni wa kwake, usivichanganye. Kitu alichonichukulia si kazi, kazi nimepata. Alinichukulia kujua. Mimi mpaka leo, na uzee huu, sijui kama ningekuwa mwalimu mzuri au mbovu. Nilikuwa mwalimu kwa dakika arobaini. Ningekuwa mbovu ningetulia.

Mara moja tu nilimpata mahali pa kumuuliza. Ilikuwa miaka kumi baadaye, dhahabu imewapagawisha hata walimu, ameacha chaki kaja machimboni na koleo jipya, suruali ile ile ya pasi imejaa udongo. Akaingia kwangu mchana, hoteli imejaa wachimbaji, akakaa bila kuniona. Nilimpelekea sahani mwenyewe, ugali na nyama ya mchuzi. Akanitambua, akapiga meza. "Zena! Si unaona? Nilikuambia mimi! Watu wa mwiko!" Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "uliponiambia niwaulize watoto wana ng'ombe wangapi, ulikuwa umesahau mila ya kwenu, au ulikuwa unajua?"

Akatafuna. Akatafuna kweli kweli, nikangoja.

"Ng'ombe gani?" akasema.

Hakuwa anaigiza. Nimehudumia waongo maisha yangu yote, mwongo namjua anavyomeza. Hakukumbuka. Shule hakukumbuka, Mzee Masanja hakukumbuka, daftari ndilo hakuwahi hata kulijua kama kitu. Miaka kumi nimembeba mtu yule mgongoni kama kuni, yeye hana habari kuwa alibebwa. Akachovya tonge, akawageukia vijana wa meza ya pili, mdomo umejaa: "Huyu mama mnayemwona, huyu ni mwanafunzi wangu!"

"Mwanafunzi wako hakumaliza, Mwalimu," nikasema, nikasimama. "Maliza wewe. Maji ya kunawa yako nje, na kiti kuna watu wanakisubiri."